Ngoma Isiyo na Kiingilio



Katika Kiswahili neno ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wa wachezaji. Kwa Kirundi, ingoma ni chombo na pia ni ufalme. Waha wa Kibondo na Kasulu, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hawahitaji mkalimani ngoma hiyo inapolia. Kwa hiyo kuuliza ni nani aruhusiwe kuipiga, na kwa malipo gani, si kuuliza habari za burudani tu. Ni kuuliza habari za haki.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Oktoba 2017 amri ya Rais wa nchi hiyo iliwakataza wanawake kuipiga, ikavitaka vikundi vijiandikishe wizarani, na ikawadai waandaaji wa shughuli zisizo za kiserikali faranga 500,000. Urithi wa wote ukawekewa mlango na bei.

Upande wetu wa mpaka, katika kambi za Kigoma, ngoma hizohizo zilipigwa uwanjani bila kiingilio. Mtendeli, iliyowahi kupokea Warundi katika miaka ya 1990, ilifunguliwa tena Januari 2016. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae katika maeneo yaliyotengwa. Mtoto aliyezaliwa humo hakuwahi kuiona Gitega. Ngoma ndiyo iliyoweza kumfundisha alikotoka.

Hata hivyo, tuseme ukweli. Ngoma inayoitwa tu mgeni rasmi anapofika, au kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, humgeuza mpigaji kuwa pambo. Mgeni hupiga picha akaondoka. Tena, Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021 watu walihamishiwa Nduta. Godoro na sufuria hupakiwa garini. Uwanja na majirani waliozoeana kupokezana mapigo havipakiki.

Kifungu cha 27 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinampa kila mtu haki ya kushiriki kwa uhuru maisha ya utamaduni ya jamii yake. Hakisemi kwamba lazima awe nchini mwake, wala awe na fedha, wala awe mwanamume. Wapo watakaojibu kuwa kumzuia mwanamke ndiyo mila. Lakini mila huishi kwa kufundishwa, na mama ndiye mwalimu wa kwanza.

Basi, popote wenyeji na wakimbizi wanapoishi jirani, hatuna budi kudai mambo matatu. Serikali ya kijiji itenge uwanja wa wazi, na kibali kisiwe cha kununuliwa. Wasichana wapewe mirimbo sawa na kaka zao. Na sisi watazamaji tukumbuke kwamba bure haina maana ya kutogharimu: ngozi huchanika, mpigaji huona njaa. Anayeweza alete kuni, maji au unga, kwa hiari.

Milima yetu imeona magomvi ya kuni na mashamba kati ya mwenyeji na mgeni. Ngoma haitayamaliza. Lakini ni vigumu kumwita mwizi mtu ambaye jana ulimpokea wimbo.