Seva bila Daftari: Madai Saba na Majibu Yake

Pendekeza katika ofisi yoyote yenye seva kwamba Python, Ruby au Node, pamoja na vifurushi vyake, visakinishwe kwa faili lililoandikwa badala ya mtu kuingia na kuchapa amri moja moja, na utapata wapinzani papo hapo. Wapinzani hao si wavivu wala si wajinga. Wengi wao ndio waliozijenga seva hizo kwa mikono yao, na ndio wanaopigiwa simu usiku zinapoanguka. Madai yao yanastahili majibu, na baadhi yana ukweli ndani yake.

Ila karibu yote yamesimama juu ya dhana moja: kwamba faida ya otomatiki ni kuokoa muda. Muda ni faida ndogo. Faida kubwa ni kumbukumbu. Faili la usakinishaji linaeleza kila kilichomo ndani ya seva, toleo lake na mpangilio wake, na fundi yeyote anaweza kulisoma, kulihoji na kulitekeleza upya. Wenye maduka husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuyapime madai saba kwa kipimo hicho.

Dai la kwanza: "Tuna seva mbili tu. Hayo ni mambo ya Google."

Historia haiungi mkono dai hili. CFEngine, mojawapo ya zana za mwanzo kabisa za kazi hii, iliandikwa mwaka 1993 na Mark Burgess, mtafiti wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Oslo, ili kusimamia kompyuta za idara yake. Google yenyewe ilikuwa bado haijaanzishwa. Puppet ilifuata mwaka 2005, Chef mwaka 2009 na Ansible mwaka 2012. Ansible haidai mitambo mikubwa: seva ikiwa na SSH na Python, kazi inaanza.

Zaidi ya hapo, cha kuhesabu ni mara ambazo seva itajengwa, maana hata seva moja hujengwa mara nyingi. Hujengwa inapoanza kazi. Hujengwa pacha wake wa majaribio. Hujengwa tena diski ikifa au mkodishaji akibadilishwa. Hata kama hayo yote hayakutokea, kalenda itakulazimisha. Python 2 ilifikia mwisho wa matunzo Januari 1, 2020. Python 3.8 ikafuata Oktoba 2024. Kila toleo la Python hutunzwa kwa takriban miaka mitano, na matunzo ya kawaida ya Ubuntu LTS ni miaka mitano vilevile. Siku ya kuhama itafika, na huenda aliyeisakinisha seva hiyo mara ya kwanza atakuwa ameshahamia kazi nyingine.

Dai la pili: "Mkono wa fundi una umakini kuliko faili."

Agosti 1, 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya. Fundi alikuwa ameinakili kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilisahauliwa, na ndani yake ulibaki msimbo wa zamani ulioacha kutumika miaka mingi nyuma. Kwa bahati mbaya, alama iliyowasha programu mpya ndiyo iliyokuwa ikiwasha ule msimbo wa zamani. Kwa dakika kama 45 seva hiyo moja ilimwaga maagizo sokoni, na hasara ikapita dola milioni 440.

Uchunguzi wa SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ulibaini kwamba hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi hiyo wala utaratibu ulioandikwa wa kudai ukaguzi. Kibaya zaidi ni kilichofanyika wakati hasara ikiendelea: wahandisi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, na tatizo likakua. Walikuwa na ujuzi wa kutosha. Walichokosa ni jibu la haraka la swali dogo: seva ipi ina nini?

Hapo mpinzani atataja CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, na ana haki. Julai 19, 2024, faili lake moja lenye kasoro lilisambazwa kiotomatiki na kuangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Ni kweli kwamba otomatiki husambaza kosa kwa kasi ileile inayosambaza mema. Lakini tiba iliyoahidiwa na CrowdStrike haikuwa kurudi kwenye kuchapa kwa mkono. Ilikuwa kusambaza kwa awamu: wachache kwanza, kisha wengine. Ansible ina agizo la kazi hiyo, liitwalo "serial", linaloamuru seva zishughulikiwe chache chache na kazi isimame mambo yakiharibika. Fundi anayechapa kwa mkono hana breki kama hiyo, labda uchovu wake tu.

Dai la tatu: "Lugha iliyokuja na mfumo endeshi inatosha."

Wakati mwingine inatosha kweli. Programu ndogo isiyo na masharti makubwa inaweza kukaa juu ya Python ya apt kwa miaka bila shida. Basi na hilo liandikwe kwenye faili, lieleweke kuwa ni uamuzi.

Shida huanza pale ambapo hakuna aliyeamua. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10, na 24.04 inakuja na 3.12. Anayetegemea ya mfumo hubadilishiwa lugha siku anapohamisha seva, hata kama programu yake haiko tayari. Isitoshe, Python hiyo ina mwenyewe: zana za mfumo zinaitegemea, na ukiivuruga umevuruga seva nzima. Ndiyo maana katika Debian 12, iliyotoka Juni 2023, pip hukataa kusakinisha vifurushi moja kwa moja kwenye Python ya mfumo na kukutaka utenge mazingira ya programu yako. Kanuni hiyo imeandikwa katika waraka wa PEP 668.

Wa Ruby nao walipata somo lao. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, wakati Ruby zilizotangulia 3.1 ziliandikwa kwa OpenSSL ya zamani. Aliyejaribu kujenga Ruby 2.7 kutoka kwenye msimbo wake kwa amri zilezile za miaka yote alikwama. Alihitaji kuweka kwanza OpenSSL 1.1 pembeni na kuielekeza Ruby huko. Hatua ya namna hiyo ndiyo ambayo mtu huigundua usiku, ikafanya kazi, na asubuhi haikumbuki tena. Ikiwa ndani ya faili, mwenzake hataianza upya.

Dai la nne: "Tayari tuna skripti ya bash, otomatiki gani tena?"

Anayesema hivi ameshakubali nusu ya hoja yangu, na skripti yake ni bora mara nyingi kuliko kumbukumbu ya kichwani. Tatizo ni kwamba skripti nyingi za bash zimeandikwa kwa ajili ya seva tupu. Iendeshe mara ya pili uone: mstari wa PATH unaongezwa tena mwishoni mwa .bashrc, saraka iliyokwishaundwa inaleta kosa, na skripti ama inasimama katikati ama, vibaya zaidi, inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Zana kama Ansible na Puppet huelezwa hali inayotakiwa: Node ya toleo fulani iwepo, kifurushi fulani kiwepo, huduma fulani iwe inafanya kazi. Zana hulinganisha hali hiyo na iliyopo, kisha hufanya kilichopungua tu. Ansible humaliza kwa kuhesabu mabadiliko iliyofanya, na hapo ndipo penye mtihani: endesha faili lako mara ya pili bila kugusa kitu, hesabu iwe sifuri. Bash iliyoandikwa kwa uangalifu inaweza kuufaulu mtihani huo. Na faili la Ansible lililojaa amri za "shell" kuanzia juu hadi chini litaufeli, kwa sababu hiyo ni bash ileile iliyoandikwa kwa YAML.

Jambo moja zaidi kuhusu skripti. Ile desturi ya kuvuta faili kwa curl na kulitumbukiza moja kwa moja ndani ya bash haina kumbukumbu hata kidogo. Faili lililopo leo kwenye anwani hiyo huenda kesho likawa jingine. Lipakue, litaje toleo lake, hakiki alama yake ya SHA-256, kisha ndipo uliendeshe.

Dai la tano: "Kufunga matoleo ni kujifungia ndani pamoja na kasoro."

Hili ndilo dai zito kuliko yote.

Kwanza tukumbuke kwa nini matoleo hufungwa. Machi 2016, mwandishi wa left-pad, kifurushi cha mistari 11 ya JavaScript, alikiondoa kwenye ghala la npm kufuatia mgogoro wa jina la kifurushi chake kingine. Ujenzi wa programu nyingi ulikwama duniani kote, nyingi zikiwa hazijui hata kwamba zinakitumia, na npm ikalazimika kukirudisha. Mwaka 2018 mtunzaji mpya wa event-stream aliingiza ndani yake kifurushi kingine chenye msimbo wa siri, uliokusudiwa kuiba kutoka kwenye pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Aliyekuwa akisakinisha "toleo jipya lolote" alikaribisha mwizi bila kuulizwa. Aliyefunga toleo la awali hakuguswa.

Kwa ajili hiyo npm ina package-lock.json, Ruby ina Gemfile.lock, na pip inaweza kudai hashi ya kila kifurushi. Amri ya "npm ci" husakinisha kilichoandikwa kwenye faili hilo na si kingine, na faili hilo lisipopatana na package.json, husimama.

Sasa turudi kwenye kasoro. Desemba 2021 lilitangazwa tundu la Log4Shell ndani ya Log4j, maktaba ya Java iliyokuwa imejificha ndani ya programu zisizohesabika. Kabla ya swali la kuziba kulikuwa na swali lingine: tunayo au hatuna? Mwenye orodha iliyofungwa alitafuta neno moja ndani ya mafaili yake. Asiye na orodha alipekua seva moja baada ya nyingine. Kwa hiyo dai hili linachanganya mambo mawili. Kufunga toleo ni kujua ulichonacho. Kulisahau toleo ulilolifunga ni uzembe, na dawa yake ni ratiba: kila wiki au kila mwezi mtu afungue orodha, apandishe matoleo, ajaribu kwenye seva ya majaribio, kisha aifunge tena.

Dai la sita: "Docker imeshamaliza mjadala."

Haijamaliza. Imeuhamisha. Dockerfile ni faili la usakinishaji kama mengine, na lina maradhi yaleyale: ukiandika "python:latest" unapata kilichopo siku hiyo, na ukisakinisha vifurushi bila matoleo unajenga taswira tofauti kila mara. Tena seva inayobeba kontena hizo inahitaji Docker yenyewe, mipangilio ya mtandao na masahihisho ya usalama, na hayo nayo lazima mtu ayaweke. Docker ni zana nzuri kwa aliyekwishazoea kuandika. Asiyeandika atakuwa na kontena zisizojulikana badala ya seva zisizojulikana.

Dai la saba: "Intaneti yetu haitabiriki, otomatiki itakwama njiani."

Hofu hii ina msingi. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za ukanda huu zilizoathirika vibaya. Siku kama hiyo, usakinishaji unaotegemea maghala ya ng'ambo hauendi popote.

Lakini hauendi kwa mkono pia. Pip iliyochapwa na mtu hupita kwenye waya uleule. Tofauti ni kwamba aliyeandika orodha ya vifurushi vyake anaweza kuviweka karibu mapema: apt-cacher-ng kwa vifurushi vya Debian na Ubuntu, devpi kwa Python, Verdaccio kwa npm. Kila kilichokwishapakuliwa hubaki kwenye seva ya ndani, na usakinishaji wa pili haudai waya wa baharini. Asiyejua anachohitaji hawezi kukiweka akiba. Kwa hiyo kuyumba kwa intaneti ni sababu ya kuandika, na sisi tuna sababu hiyo kuliko aliyeko Frankfurt.

Hukumu

Katika madai saba, mawili yana uzito wa kweli: kwamba kosa la otomatiki huenda mbali kwa haraka, na kwamba orodha iliyofungwa ikiachwa huoza. Yote mawili yanadai nidhamu zaidi ndani ya otomatiki, na hakuna hata moja linalotetea seva ambayo siri yake iko kichwani mwa mtu mmoja.

Anayetaka kuanza asianze na zote. Achague seva ambayo ikifa kesho itamuumiza zaidi, aandike faili lake, kisha ajenge nyingine kutoka kwenye faili hilo juu ya mashine tupu bila kumuuliza mtu swali. Pale atakapokwama ndipo palipokosekana maandishi. Aandike, aanze tena, na afanye hivyo sasa, wakati seva ya zamani bado ni nzima.