Safari ya Timu ya Kriketi Ianzie Pwani ya Lindi: Barua ya Wazi kwa Baraza la Michezo la Taifa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naomba idhini ya kulileta mbele ya Baraza, nikiwa hapa Kilwa Kivinje, jambo moja lihusulo safari fupi za ng'ambo za timu yetu ya taifa ya kriketi: kwamba safari hizo, ambazo katu sizipingi, hazitatuzidishia nguvu maadamu mchezo wenyewe umejikita zaidi Dar es Salaam, na mikoa kama wetu ikibaki kusikiliza matokeo redioni.

Tarihi ni shahidi. Mwezi wa Juni 1975 timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah, ilikwenda Uingereza kushiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume. Tarehe 7, mjini Birmingham, New Zealand ilipata mikimbio 309, na katika hiyo Glenn Turner peke yake alipata 171 bila kutolewa, ilhali timu yetu nzima, kwa ova zote 60, iliambulia 128. Tarehe 11 India ikatushinda Leeds pasipo kupoteza hata wiketi moja. Tarehe 14 Uingereza ikatupita kwa mikimbio 196. Wanaume wale hawakupungukiwa na ushujaa, bali nyuma yao hapakuwa na akiba, kwani mchezo ulikuwa umefungika, kwa sehemu kubwa, ndani ya vilabu vya jamaa zetu wenye asili ya Bara Hindi katika miji michache. Na jina la Afrika Mashariki halikuonekana tena katika Kombe hilo.

Leo dalili ni njema, kwa kuwa mwaka 2025, mjini Lagos, vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kuingia Kombe la Dunia la rika lao. Furaha hiyo yatulazimu kuuliza warithi wao watatoka wapi.

Mheshimiwa, watoke huku pwani kwetu, kwani mikono iliyozoea kurusha kimia haihitaji kufundishwa shabaha. Wala vifaa visiwe udhuru: vilabu vya Afrika Mashariki vilicheza dahari juu ya jamvi lililotandazwa kwenye ardhi ngumu, na majamvi ya namna hiyo hufumwa kwa usumba, ambao makumbi yake twayatupa kila siku chini ya minazi yetu. Wala umbali si hoja, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na mto Rufiji ukaacha kututenga.

Kwa hiyo naliomba Baraza, kwa kushauriana na Chama cha Kriketi, liweke sharti la mambo matatu: kabla ya kila safari ya ng'ambo timu icheze mechi moja Lindi au Kilwa Masoko; mwalimu mmoja akae nasi muhula mzima wa shule; na fungu la bajeti ya safari, hata likiwa dogo, litengwe kwa magongo na mipira ya wanafunzi. Kusawazisha kiwanja na kukitunza ni juu yetu wenyeji. Tunachongoja ni jibu la Baraza, lililotolewa hadharani, kabla ya msafara ujao kupanda ndege.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kilwa Kivinje