Picha Umepata, Sasa Mwachilie Sulisuli

Msimu wa sulisuli ukifika Watamu na Malindi, picha huwa ni zile zile: mgeni anatabasamu, samaki mrefu kuliko yeye amening'inizwa. Na komenti huwa ni vita. Hawa wanauliza, "Mbona mnaua?" Wale wanajibu, "Sasa mnamwachilia aende na watu wana njaa?"

Mimi niko upande wa kuachilia. Lakini tuelewane kwanza namwambia nani.

Kama umekodi boti siku nzima ili upigane na samaki, hukuenda baharini kutafuta kitoweo. Ulienda kutafuta raha, na raha yenyewe umeipata pale alipofika ubavuni mwa boti. Kumuua baada ya hapo ni kutafuta sifa tu. Tena tunamtaka aliye mkubwa kabisa! Kwa marlini wa bluu, wale majitu karibu wote ni majike, kwa sababu madume hubaki wadogo. Hiyo rekodi yako ni mama wa samaki wengi. Mfugaji gani anachinja ng'ombe anayetoa maziwa mengi zaidi ili apige picha?

Tena samaki hawa si wa kuchezea. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, imeonya kwa miaka kadhaa kwamba marlini wa milia anavuliwa kupita kiasi.

Najua mtasema wanaowamaliza ni meli kubwa na nyavu zao. Ni kweli, hao huvua wengi kutushinda mbali sana. Lakini kosa la jirani halijawahi kuwa ruhusa yangu.

Sasa, yule mzee wa mashua anayemleta sulisuli sokoni, tafadhali usimhubirie. Samaki wake ataliwa mpaka kichwa, na pesa zitalipa karo. Kuachilia ni wajibu wa anayevua kwa starehe. Usimbebeshe anayetafuta unga.

Na wasee, kuachilia si kumtupa tu majini. Ukimchosha masaa, ukamtoa nje upige selfi, halafu ukamrudisha amelegea, umemuua polepole huku ukijisifu. Tumia ndoano ya mviringo, ile inayoshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Mpige picha akiwa bado majini. Akichoka, mshike boti ikienda taratibu, maji yapite kwenye matamvua mpaka apate nguvu. Pale Watamu kuna African Billfish Foundation, shirika ambalo kwa miaka mingi limekuwa likishirikiana na wavuvi kuwawekea samaki hawa alama zenye namba. Akinaswa tena kwingine, watu wanajua alitoka wapi na lini. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko samaki aliyekaushwa ukutani.

Je, akifa mikononi mwako? Basi aliwe. Usimsukume baharini ili uonekane mwema. Wape nahodha na vijana wake wagawane, na ukitaka, onja sulisuli wa kufukizwa moshi ujue Pwani wanakula nini.

Mwenye njaa ana haki yake kwa samaki. Anayetaka kusifiwa kwenye simu hana.

Wewe ungemwachilia? Niambie hapo chini, lakini bila matusi.