Homa Kushuka Si Vimelea Kwisha

Hapa Marani, kama kwingineko katika nyanda za juu za Kisii, mgonjwa wa malaria hupimwa kwanza kwa kiganja cha mama kwenye paji la uso. Homa ikishuka, basi dawa imefaulu. Hicho ni kipimo cha huruma, wala hatuna sababu ya kukicheka. Lakini hakituambii iwapo vimelea vimekwisha katika damu, sembuse vimekwisha kwa kasi gani. Swali hili la kasi ndilo linalopuuzwa, nalo ndilo zito zaidi.

Kasi hiyo hupimwa hivi. Tangu mgonjwa aanze dawa, hutolewa tone la damu kila baada ya saa 6. Mtaalamu wa maabara hulipaka juu ya kioo, hulitia rangi, kisha kwa hadubini huhesabu vimelea akivilinganisha na chembe nyeupe za damu. Hesabu zikipangwa, huonekana muda ambao vimelea huchukua kupungua kwa nusu. Walimu wa hisabati watanielewa upesi. Chukua vimelea 100,000 katika mikrolita moja ya damu. Vikipungua kwa nusu kila saa 3, baada ya siku moja vitabaki kama 390. Vikipungua kwa nusu kila saa 6, vitabaki 6,250. Na huenda wagonjwa hawa wawili wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku moja, wote wakitabasamu.

Hayo si mchezo wa karatasi. Kenya iliiacha klorokwini mwaka wa 1998 ikashika dawa ya salfa, nayo ikalegea. Mwaka wa 2004 sera ikageuzwa tena, ikaja dawa ya mseto yenye artemisinini tunayoitegemea hadi leo. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba magharibi mwa Kambodia vimelea vinachelewa kwisha mbele ya dawa hizo. Nchini Uganda, watafiti waliofanya kazi upande wa Gulu kati ya 2017 na 2019 walikuta wagonjwa 14 kati ya 240 ambao vimelea vyao vilichukua zaidi ya saa 5 kupungua kwa nusu. Gulu si mbali.

Atauliza mtu: kwa nini Marani, ambako malaria si ya kila siku kama kando ya Ziwa Victoria? Kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyeugua mara nyingi tangu utotoni, mwili wake huisaidia dawa kufagia vimelea, na udhaifu wa dawa husitirika. Mtu wa milimani hana kinga kubwa; dawa hufanya kazi karibu peke yake, ikizembea itaonekana. Watafiti wa KEMRI wamewahi kufuatilia mbu na hali ya hewa hapa Marani. Damu nayo ifuatiliwe.

Siku hizi vituo vingi vimezoea kipimo cha haraka. Kinafaa kutambua ugonjwa, ila huweza kuonyesha malaria majuma kadhaa baada ya vimelea kufa, hakipimi kasi. Kwa hiyo hadubini isitupwe ghalani. Na Serikali ya Kaunti ya Kisii iajiri watu wa kuhesabu usiku pia, kwa maana mgonjwa aliyetolewa damu saa mbili usiku atatakiwa kutolewa tena saa nane, wakati ambapo mlango wa maabara umekwisha kufungwa.