Mlima ukiwaka, mgeni anaondoka wa kwanza



Wiki hii tuzungumze juu ya Nyiragongo, lakini si moto wake tu. Kuna pia chakula tunachokipata kwake. Amani ikiwepo, wageni wanatoka mbali kuja kupanda mlima kutokea Kibati, wanalala kule juu kwenye ukingo, kisha wanashuka kupumzika kwenye hoteli za pembeni ya ziwa. Nyuma ya kila mgeni kuna mama. Huyu anafua mashuka, yule anapeleka sambaza na mboga jikoni kwa hoteli, mwingine anashona vitenge vya kuuza, au bwana yake anabeba mizigo ya wapandaji. Mgeni hawajui wamama hawa, lakini pesa ya shule ya watoto inatoka kwake.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, wengi wetu tuliona anga imekuwa nyekundu kabla ya kusikia tangazo lolote. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Angalieni jambo hili: katika hesabu ya kwanza ya Serikali walikuwa 15, na kati yao 9 walikufa kwa ajali ya barabarani wakikimbia. Walioungua walikuwa 2. Kwa hiyo kujua njia yako mapema si mambo ya wasomi. Tarehe 27 Mei ikaja amri ya kuhamisha kartie 10 kati ya 18 za mji. Wengine wakaenda Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine wakapanda mashua. UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao.

Mgeni ana gari na simu ya ubalozi wake. Mama wa sambaza ana deni.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hoteli nyingi zinachukua bidhaa leo na kulipa mwisho wa mwezi. Mlima ukipasuka katikati ya mwezi, mlango unafungwa, mpishi anakimbia, na hakuna karatasi inayoonyesha ulileta kilo ngapi. Misaada ikifika, wanaandika nyumba zilizoungua, na ni haki. Lakini kazi iliyopotea haina ukuta wa kupigwa picha. Kwa hiyo kila mama anayeuza kwa hoteli awe na daftari, na kila mzigo usainiwe na aliyeupokea. Daftari hilo likae pamoja na karte ya uchaguzi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, katika mfuko mmoja wa plastiki ulio karibu na mlango. Si chini ya godoro, tafadhali.

Likelemba nayo ifikirie. Sanduku likikaa kwa mama mmoja, na mama huyo akikimbilia Gisenyi wakati ninyi mko Sake, mtafanya nini? Wekeni sehemu kwenye simu, kwa majina ya wawili. Na kila familia ichague upande mmoja wa kukimbilia, watoto waujue, namba ya simu ishonwe ndani ya nguo zao.

Kurudi kazini nako kuna hatari yake. Tunawajua mazuku, ile hewa isiyo na harufu inayolala mahali pa chini, hasa kuelekea Sake, inayoua mbuzi na hata mtoto aliyelala sakafuni. Jina hilo la kwetu wataalamu wa volkano wamelichukua, wanaliandika vilevile. Kule La Palma, kisiwa cha Hispania, volkano iliwaka Septemba hadi Desemba 2021. Puerto Naos, mji wa wageni pembeni ya bahari, haukuungua, lakini hewa ya namna hiyo ilizuia watu kurudi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Walirudishwa kidogo kidogo, baada ya vyombo vya kupima hewa kuwekwa katika majengo. Sasa fikiria chumba cha kufulia cha hoteli: mara nyingi kiko chini kabisa. Mama anayeitwa kurudi kazini ana haki ya kuuliza kama hewa imepimwa, na na nani. Kuuliza hivyo si kiburi.

Wenye hoteli wengi wana mpango wa kuwatoa wageni. Mwulize wako kama jina lako limo. Akikuambia mpango huo ni wa wageni tu, mtueleze katika mkutano, tutakwenda kumwona tukiwa kumi.

Jumamosi kila mmoja aje na daftari lake. Tutalipiga mistari pamoja: tarehe, kilo, bei, sahihi. Wasioandika wataandikiwa na binti zao.