Maabara ya Kompyuta Iwe Kama Maktaba

Wanachuo wenzangu, ukilalamika kwamba maabara ya kompyuta imefungwa, hukosi mtu wa kukwambia: "Wenzenu zamani waliandika programu kwenye kadi, na wakafaulu." Ni kweli. Ila hadithi hiyo husimuliwa nusu.

Enzi za kompyuta kubwa zilizojaza chumba kizima, mwanafunzi wa Marekani alitoboa programu yake kwenye kadi zenye safu 80, kila mstari kadi yake. Bunda zima alilikabidhi kwa opereta, kisha akangoja, pengine hadi kesho yake. Koma moja ikikosekana, alichopata ni karatasi ya makosa, na foleni inaanza upya. Ndiyo, watu walijifunza kukagua kazi kwa makini. Lakini tusisahau kwamba wengi hawakuigusa kabisa ile mashine.

Nusu ya pili ya hadithi iko Chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire. Mwalimu wa hisabati pale, Thomas Kurtz, alikuwa akipanda treni na kadi zake kwenda MIT, kwa sababu chuoni kwake hapakuwa na kompyuta ya kufaa. Yeye na mwenzake John Kemeny hawakusema, "Na wanafunzi wetu nao wateseke hivyo hivyo." Walitafuta mashine, wakabuni lugha nyepesi ya BASIC na mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya mfumo huo iliandikwa na vijana wa digrii ya kwanza, wanachuo kama mimi na wewe. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, programu za kwanza za BASIC zilikubali.

Kilichonigusa zaidi si mashine, ni sera. Kemeny alitaka kompyuta iwe kama maktaba ya rafu wazi: mwanafunzi anaingia bila kuulizwa anasoma nini wala anataka kufanya nini. Wa historia na wa fizikia wote sawa.

Sasa geukia kwetu. Maabara inafungwa saa kumi jioni, muda ambao wengi ndiyo tunatoka darasani. Ukiwa si wa kitengo cha kompyuta, lete barua ya idara. Matokeo yake tunayajua: mwenye laptop yake hana presha, asiye nayo anakwenda steshenari kulipia kwa saa, au anahangaika kuandika programu kwenye kioo cha simu. Boom lenyewe halitoshi hata msosi wa mwezi. Mashine zipo, tena zina uwezo mkubwa kuliko ile ya Dartmouth, lakini foleni ya kadi tumeirudisha kwa kufuli na barua.

Wakuu watasema wanafunzi watacheza gemu na kuangalia muvi. Jamani, hata Dartmouth wanafunzi walicheza gemu, na wengine waliziandika wenyewe. Walimu wao hawakuona ajabu, maana anayecheza na mashine huacha kuiogopa. Watasema pia vifaa vitaibiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni usimamizi. Maktaba nayo ina vitabu vya kuibika na bado iko wazi hadi usiku.

Naomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke madai matatu kwenye kikao kijacho na uongozi: maabara iwe wazi hadi saa nne usiku, barua ya idara ifutwe na kitambulisho cha chuo kitoshe, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wapewe zamu za usimamizi kwa posho. Tukitaka ushindani wa haki kwenye mitihani na kwenye ajira, tuanze na huo mlango.