Baraza la Simu na Maradhi ya Moyo

Simu zetu siku hizi ndizo baraza. Humo twapokea dua, habari za maziko na, kwa masikitiko, tiba za uongo: ati ukikohoa kwa nguvu, mshtuko wa moyo hukoma. Si kweli, na kuamini hayo kwaweza kuua.

Lakini chombo hicho hicho chaweza kufaa. Huko Sydney, Australia, wagonjwa 710 wa moyo walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Karibu nusu yao walipelekewa ujumbe mfupi mara nne kwa wiki: tembea, punguza mafuta, acha sigara. Baada ya miezi sita presha yao ilishuka kuliko ya wenzao. Wavutaji sigara kwao walikuwa asilimia 26. Kwa wenzao, zaidi ya 40.

Basi nauliza: kwani makundi yetu ya simu, Mombasa hata Lamu, yasimpe daktari nafasi? Shirika la Afya Duniani lataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku. Ng'onda na achari zatufikisha wapi? Atukumbushe hayo, na tembe za presha zisiachwe ovyo. Asiyejua asipeleke; ajuaye asinyamaze.